Kutoka Mtwara na Lindi hadi ubingwa wa tiba ya mionzi: mwongozo kamili kwa kijana na mzazi wake

Mgonjwa wa saratani wa Newala, Liwale au Kilwa anayehitaji mashine ya mionzi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 560 hivi, na tiba yenyewe si ya siku moja. Wengi hukaa huko wiki tano hadi nane. Anayeamua mionzi ipite wapi, iwe kiasi gani na kwa siku ngapi ni daktari bingwa wa saratani. Mwongozo huu nimemwandikia kijana wa kusini anayetaka kuwa daktari huyo, pamoja na mzazi atakayebeba gharama kwa miaka mingi na angependa kujua mtoto kafika wapi na kabakiza nini. Naamini kabisa kwamba mikoa yetu hii miwili inahitaji mabingwa waliokulia hapa, wanaojua safari ya mgonjwa inaanzia wapi.

Kwanza ijue kazi yenyewe

Mionzi huharibu DNA ya seli. Seli zenye afya hujitengeneza upya vizuri zaidi kuliko seli za saratani, na hapo ndipo daktari anapopatia nafasi yake. Dozi ikigawanywa kidogokidogo siku baada ya siku, sehemu zenye afya za mwili hupata muda wa kupumua huku uvimbe ukizidi kudhoofika. Dozi hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho gray.

Chukua mfano wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa kawaida mama hupewa gray 45 hadi 50 kutoka nje ya mwili, zikigawanywa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Figo zikiruhusu, kila wiki hutundikiwa pia dawa ya cisplatin. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambapo chanzo kidogo cha mionzi hupitishwa kwenye mirija hadi kwenye mlango wa kizazi, kikatoa dozi kubwa kwa karibu kisha kikaondolewa. Yote hayo yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki nane. Yakivuka hapo, nafasi ya kupona hupungua, kwa sababu seli za saratani zilizobaki huanza kuzaliana upya.

Sasa fikiria barabara yetu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata njia maeneo ya Somanga na kusini ikatengana na Dar es Salaam. Mgonjwa aliyeomba ruhusa ya siku mbili kwenda msibani Lindi angejikuta amekosa mionzi wiki nzima. Daktari hawezi kusema "tutaendelea akirudi" na kuishia hapo. Lazima apige hesabu upya. Labda ampe mionzi Jumamosi, labda mara mbili kwa siku zikipishana saa sita au zaidi, ili muda wa jumla usivuke mpaka. Kwa mgonjwa wa mbali, umbali ni sehemu ya ugonjwa wake, na daktari anayeujua huuingiza kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Upande wa pili kuna mgonjwa ambaye saratani imeshaenea kwenye mifupa na anachohitaji ni kutuliza maumivu. Tafiti zimeonyesha kwamba gray 8 kwa mara moja hupunguza maumivu ya mfupa sawa na mionzi ya siku nyingi, ingawa baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia baadaye. Mzee wa Tandahimba akipewa dozi hiyo moja anaweza kurudi kwa wajukuu wake wiki hiyohiyo. Kumweka mjini wiki mbili bila sababu ni kumwongezea mateso na kuimaliza familia.

Hapa Tanzania bingwa wa saratani hushika vyote viwili, mionzi na dawa. Marekani kazi hizo zimetenganishwa, anayetoa mionzi si anayetoa dawa. Ukisoma habari za nje usichanganyikiwe. Kwetu, na Uingereza pia, ni mtu mmoja.

Hatua ya kwanza: sekondari

Anza kidato cha tatu, usingoje cha tano. Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati ndizo nguzo, na Kiingereza ni lazima kwa kuwa masomo yote ya juu hufundishwa kwa lugha hiyo. Kwenye Fizikia ya kidato cha nne kuna mada ya mionzi na nusu-maisha ya madini. Wanafunzi wengi huikariri usiku wa mtihani na kuisahau asubuhi yake. Wewe ielewe. Madini ya kobalti 60 yaliyotumika miaka mingi kwenye mashine za mionzi yana nusu-maisha ya miaka 5 na miezi mitatu hivi. Maana yake, mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chini ya mashine mpya atahitaji dakika nne baada ya miaka hiyo kupita kwa dozi ileile. Foleni inarefuka, na anayepanga ratiba asiyejua hesabu hiyo atampa mgonjwa dozi pungufu.

Kidato cha tano chagua PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Hisabati ile ya nyongeza mnayoiita BAM msiichukulie kama mzigo. Logi na vipeo mtakutana navyo tena kwenye fizikia ya mionzi mkiwa na umri wa miaka thelathini, na safari hiyo hakuna wa kuwaonyeshea.

Kwa mzazi: shule nyingi zina mwalimu mmoja tu wa Fizikia, na akihama mada hubaki wazi. Muulize mtoto kila muhula ni mada zipi hazijafundishwa. Vijana wengi wenye akili nimewaona wakiangushwa na mada tatu ambazo hawakuwahi kuzisoma.

Kama ulikosa kidato cha tano

Mlango haujafungwa. Mtwara na Lindi kuna vyuo vya matabibu vinavyotoa stashahada ya utabibu. Ukimaliza ukiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0, na cheti chako cha kidato cha nne kina angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza, unaweza kuomba shahada ya udaktari. Vigezo hupitiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kuomba soma kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka huohuo, usitegemee cha kaka yako.

Njia hii ni ndefu zaidi, lakini ina faida moja kubwa. Unafika chuo kikuu ukiwa umeshamgusa mgonjwa. Umeshakaa zamu ya usiku kwenye kituo cha afya, unajua kumuuliza bibi maswali ya aibu bila kumvunjia heshima.

Hatua ya pili: maombi na mkopo

Hapa ndipo familia nyingi za kusini hukwama, na si kwa kukosa ufaulu. Dirisha la mkopo wa Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, huingia baada ya hapo. Vyuo navyo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mwezi ambao mtoto anadaiwa nauli, godoro na ada ya awali ni mwezi ambao fedha ya korosho bado haijafika. Tenga ya msimu uliotangulia. Nalisisitiza hili kuliko jambo jingine lolote kwa mzazi.

Nyaraka zitayarishwe mapema. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa pia. Kama majina ya kwenye cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule yanatofautiana, hata kwa herufi moja, rekebisha wakati mtoto yuko kidato cha tano. Ukisubiri matokeo yatoke utakuwa unakimbizana na tarehe ya mwisho ukiwa kwenye foleni ya wilaya.

Wenye ufaulu wa juu sana kwenye masomo ya sayansi kidato cha sita waangalie pia ufadhili wa Samia, ambao huwalipia wanafunzi bora wanaoingia kozi za sayansi, uhandisi na tiba.

Hatua ya tatu: miaka mitano ya udaktari

Mtwara na Lindi hatuna chuo kinachotoa shahada ya udaktari, kwa hiyo utahama. Muhimbili ipo Dar es Salaam na ndiyo iliyo karibu zaidi na Ocean Road. Kuna KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, Kairuki, St. Francis Ifakara, na tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililopo Mbeya. Vyote hutoa daktari kamili. Usikatae nafasi ya Ifakara au Mbeya ukingoja Muhimbili ya mwakani, kwani ubingwa unaweza kuomba popote baadaye.

Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, bayokemia na wenzao. Anatomia ndiyo itakayokutambulisha kwenye chumba cha mionzi. Huko utatazama picha za CT za mgonjwa, vipande vyembamba vya mwili vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, na kwa kila kipande utachora kwa mkono: huu uvimbe, hiki kibofu, huu utumbo mpana wa mwisho, hivi vichwa vya mapaja. Anayejua anatomia ya nyonga kwa kubahatisha atachora mpaka mahali pasipo pake, na mionzi itafuata mchoro wake.

Mwaka wa tatu hadi wa tano upo wodini. Ukipata nafasi ya likizo, omba barua ya chuo ukajitolee kwenye kitengo cha saratani. Hata wiki mbili zinatosha kukuonyesha kama moyo wako upo huko. Kuna vijana hodari ambao hawawezi kuishi kila siku na habari mbaya, na si dhambi kulijua hilo mapema ukachagua upasuaji au watoto.

Hatua ya nne: mwaka wa vitendo na usajili

Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mnaouita intani, kwenye hospitali iliyoidhinishwa. Utazunguka idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bila usajili huo huwezi kufanya kazi wala kuomba ubingwa, kwa hiyo kila fomu ya idara isainiwe siku unapomaliza zamu, kabla daktari msimamizi hajahamishwa.

Hatua ya tano: wilayani

Ajira za serikali hutangazwa mtandaoni, na unaweza kupangiwa Ruangwa, Nachingwea, Nanyumbu au mkoa mwingine kabisa. Wapo wanaouona muda huu kama adhabu. Mimi nausifu. Saratani nyingi hufika Ocean Road zikiwa zimechelewa, na kule wilayani ndiko utakapojionea zinavyochelewa: mama anayetokwa damu nje ya siku zake akatibiwa "maambukizi" mara nne, mzee ambaye chakula kigumu hakipiti tena akaambiwa ni vidonda vya tumbo, mtoto ambaye jicho lake linang'aa nyeupe kwenye picha na nyumbani wakadhani ni mwanga wa simu.

Ukiwa huko fanya mambo mawili. Jifunze kupima mlango wa kizazi kwa siki, kipimo rahisi kinachofanyika hata kwenye kituo cha afya. Na jifunze kuandika rufaa iliyokamilika: majibu ya kinyama (kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa maabara), picha, wingi wa damu, hali ya figo. Mgonjwa akifika Dar es Salaam bila majibu ya kinyama huanza upya, na wiki zinakatika kabla hajaiona mashine.

Kwa anayetaka kusomeshwa na serikali, utumishi wa miaka kadhaa mara nyingi ni sharti. Uliza masharti ya mwajiri wako kwa maandishi. Wizara ya Afya ina ufadhili wa Samia wa mafunzo ya ubingwa na ubobezi, na saratani ni eneo lenye uhitaji mkubwa.

Hatua ya sita: ubingwa wenyewe

Shahada ya uzamili ya tiba ya saratani hutolewa Muhimbili, na mafunzo ya vitendo hufanyika zaidi Ocean Road. Hesabu miaka mitatu hadi minne, pamoja na utafiti na tasnifu ambayo lazima uitetee.

Utasoma biolojia ya mionzi, fizikia ya mionzi, dawa za saratani, takwimu na huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Fizikia huwatisha wengi waliokaa wilayani muda mrefu. Rudia mambo ya msingi miezi mitatu kabla ya kuanza na utakuwa mbele ya nusu ya darasa.

Siku za mwanafunzi wa ubingwa hupita hivi. Asubuhi ni wodi na kliniki, kisha chumba cha kupanga tiba. Mgonjwa wa saratani ya koo hulazwa chali juu ya meza ngumu, na mtaalamu wa teknolojia anatoa kwenye maji ya moto, nyuzi 70 hivi, bamba la plastiki lenye matundu. Limelainika. Analivuta juu ya uso wa mgonjwa, likishika paji, pua, kidevu, na dakika chache baadaye limeganda kwa umbo lake. Barakoa hiyo ndiyo itakayomshikilia bila kutikisika kila siku ya tiba. Wengi huogopa kukosa pumzi. Daktari mzuri amemweleza jana yake, ameyaonyesha matundu, amemshika mkono. Mgonjwa wa nyonga naye huchorwa alama kwenye ngozi na kuambiwa asizisugue akioga, na huambiwa anywe maji kiasi kilekile kila siku ili kibofu kijae vilevile.

Baada ya picha unachora. Kwanza uvimbe unaouona, halafu unapanua mpaka kufunika seli zisizoonekana, halafu unapanua tena kidogo kwa ajili ya pumzi na mtikisiko wa mwili. Kisha unachora viungo vya kulindwa. Uti wa mgongo, kwa mfano, hauruhusiwi kuvuka gray 45 hadi 50 kwa mgawanyo wa kawaida, maana ukiungua mgonjwa anaweza kupooza. Mfizikia tiba anapiga hesabu, mnakaa wawili mbele ya kompyuta mkibishana milimita, na mpango hausainiwi hadi wote mridhike. Jifunze kubishana na mfizikia kwa adabu na kumsikiliza akikukatalia. Usalama wa mgonjwa umekaa hapo.

Kuhusu usalama wako, watoto wa kike huniuliza sana kama mionzi itawazuia kuzaa. Daktari hakai ndani ya chumba mashine inapowaka. Kuta ni nene, kila mfanyakazi huvaa kipimo kifuani, na Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo inayosimamia. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka, na akiwa mjamzito ulinzi huongezwa. Wanawake wanaifanya kazi hii na wanalea familia zao.

Miaka ni mingapi, na nje ya nchi je?

Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 atakuwa bingwa akikaribia 32 au 33. Ni ndefu, lakini kuanzia ukiwa na 27 hivi unafanya kazi na kulipwa, hukai nyumbani ukisubiri.

Kwenda nje kwa miezi kadhaa baada ya ubingwa kujifunza mbinu mpya ni jambo jema, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu limesomesha wengi wa Afrika kwa njia hiyo. Kuhamia moja kwa moja ni suala jingine. Marekani ubingwa wako hautambuliwi na utaanza mafunzo ya ubingwa upya, miaka mitano ukijumlisha mwaka wa mwanzo. Uingereza ina mitihani yake ya ubingwa iitwayo FRCR.

Kwa asiyetaka udaktari

Mashine haiendeshwi na daktari. Muhimbili hutoa shahada ya teknolojia ya tiba ya mionzi, na anayeisomea ndiye anayemlaza mgonjwa, kumpanga na kuwasha mashine kila siku. Mwenye shahada ya fizikia anaweza kusomea fizikia tiba. Wauguzi wa saratani nao ni wachache mno. Nikiangalia uhitaji, kijana wa Ndanda anayependa Fizikia na kuchukia damu angefanya vizuri sana kwenye fizikia tiba, na walimu wake wamweleze kazi hiyo ipo.

Kurudi kusini bila mashine

Swali hili huulizwa na kila mwanafunzi niliyezungumza naye: bingwa wa mionzi atafanya nini Mtwara pasipo mashine? Kazi ni nyingi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo, Ligula na Sokoine ni hospitali za mikoa, Ndanda na Nyangao zina historia ndefu. Bingwa mmoja akikaa katikati ya hizo anaweza kutoa dawa za saratani kwa wagonjwa ambao leo husafiri kwa ajili ya dripu moja, kuandaa vipimo vyote kabla ya rufaa ili mgonjwa akifika Ocean Road aingie moja kwa moja kwenye kupanga tiba, na kuwafuatilia waliomaliza mionzi. Wanaotoka kwenye mionzi ya nyonga wanaweza kutokwa damu haja kubwa miezi mingi baadaye, na daktari asiyejua chanzo atawakimbiza huku na huko.

Atasimamia pia mofini ya maji kwa wenye maumivu makali, akiwaeleza jamaa kwamba ikitolewa kwa saa na kipimo chake ni nadra kumfanya mgonjwa mraibu. Atakwenda shuleni na chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana. Na akizungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao na bibi aliyeogopa kusafiri, akamwamkia kwanza, akamchorea siku zake 25 kwenye kalenda ya ukutani na kumwonyesha atakayempokea stendi, bibi huyo ana nafasi kubwa zaidi ya kwenda na kumaliza tiba.

Uliye kidato cha nne sasa, wiki hii kamuulize mwalimu wako wa Fizikia mada zilizobaki, na kamuulize mama cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa jina gani. Uliye intani, andika barua ya kuomba wiki mbili Ocean Road kabla hujachagua ubingwa mwingine.